Usimuuzie "Kama Vilivyo"

SWALI

Mimi ni mjane wa miaka 46, naishi Manzese, mtaa wa Midizini. Marehemu mume wangu alikuwa mtaalamu wa maabara. Mwaka 2004 alifungua maabara ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, akawa anapima malaria, choo, mkojo, wingi wa damu na ujauzito. Alipoanza kuugua mwaka 2019 aliifunga, na mwaka jana Mungu akamchukua. Chumba sijakigusa tangu hapo. Kila nikifungua mlango namwona yeye.

Sasa kuna dada anataka kupanga afungue saluni, atalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndani kuna hadubini mbili, mashine ya kuzungushia damu, mashine kubwa ya kuhesabia damu aliyopewa na wafadhili ambayo sikumbuki kama iliwahi kuwaka, otoklevu, friji, mashine ya presha ile ya zebaki, maboksi mawili ya sindano, kompyuta, rejista nyingi na rafu nzima ya chupa za vitendanishi. Chupa moja ina unga wa njano umegandia shingoni. Mwanangu wa kidato cha tatu alitaka kuifungua aone, nikamkataza. Kipo pia kichwa cha eksirei ya meno ambacho rafiki yake daktari alimwomba amtunzie na hakurudi kukichukua.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akatazama, akasema anatoa laki tatu kwa vyote, kama vilivyo, tusihangaike kuchambua. Ameniachia elfu hamsini ya kishika uchumba. Shemeji yangu yeye anasema tuchimbe shimo uani, vya kuchomeka tuchome, vingine tufukie. Mwanangu anaomba hadubini. Nifuate lipi? Tafadhali usitaje jina langu.

JIBU

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Kabla ya yote, ile chupa ya njano. Ulifanya vyema kumkataza kijana. Asiifungue, asiitikise, asiihamishe, na wewe vilevile, hata kwa nia ya kuiweka mahali pazuri zaidi. Funga mlango, ufunguo ukae kiunoni mwako, halafu endelea kusoma.

Enzi zetu za maabara, protini kwenye mkojo tuliipima kwa maji ya njano ya Esbach, na kreatinini kwa njia ya Jaffe. Vyote viwili vina asidi ya pikriki. Ikiwa na maji yake, ni kimiminika cha njano ambacho kosa lake ni kuchafua vidole tu. Ikikauka inalipuka. Majeshi ya zamani yaliijaza kwenye makombora, na meli Mont-Blanc iliyolipuka bandarini Halifax, Kanada, Desemba 1917 na kuua watu zaidi ya 1,700, ilikuwa imebeba shehena kubwa ya asidi hiyo. Chupa yako ni ndogo, lakini ya kumkata mtu vidole na kumpofua macho inatosha. Hatari yenyewe hukaa pale pale ulipoona unga: fuwele zikikauka kati ya kizibo na kioo, mtu akizungusha kizibo anazisaga.

Huenda chupa yako ni kitu kingine kabisa, maana dawa za njano ni nyingi. Wa kusema ni mtu wa kemikali atakayeitazama kwa macho bila kuishika. Piga simu Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, GCLA, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na usione aibu kusema kuwa hujui ni nini. Ikianguka, au ukiona moshi, toka na watoto uwapigie zimamoto, 114.

Sasa tuongee na huyo mnunuzi wako. Kwanza nimtetee. Vijana wa mikokoteni na maguta wanaolifanyia jiji hili kazi ya kuokota chuma, shaba na plastiki ningewapa nishani kama ningekuwa na uwezo. Bila wao Dampo la Pugu lingeshafika Ukonga. Ugomvi wangu ni na yale maneno mawili aliyokwambia, "kama vilivyo". Mizani yake inapima kilo. Haina namna ya kujua kuwa ndani ya kilo chache za mashine ya presha kuna zebaki, au kwamba mrija wa mashine ya kuhesabia damu una damu ya watu iliyokaukia ndani. Akishavibeba, hatavifungua yeye. Atavifungua kijana wa miaka kumi na saba kwa nyundo na patasi, akiwa amevaa ndala, tena mara nyingi uani kwa mtu ambako kuna watoto wanaotambaa.

Yameshatokea makubwa. Septemba 1987, mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki ya saratani iliyohamwa, wakachukua kipande cha mashine iliyoachwa humo na kukiuza skrepa. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa buluu gizani. Watu wakaupenda, wakagawiana kama pambo, mtoto wa miaka 6 akala chakula huku vidole vimeushika. Ilikuwa seziamu, yenye mionzi. Watu wanne walikufa, yule mtoto akiwemo, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya laki moja wakapangwa foleni kupimwa. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Mayapuri, soko la vyuma chakavu jijini Delhi, India. Aliyeuza hakuwa mwizi. Kilikuwa Chuo Kikuu cha Delhi, kilichopiga mnada chombo cha maabara ya kemia ambacho hakikutumika tangu 1985. Waliokipasua walikuta kobalti, na mmoja wao akafa. Maprofesa wa kemia, mwanangu, waliuza kama kilivyo.

Nimekutajia hayo kwa sababu ya kile kichwa cha eksirei, lakini nisikutishe bure. Eksirei ya meno si kama mashine za Goiânia na Delhi. Haina unga wa mionzi ndani; mionzi yake huzaliwa na umeme, na ukichomoa waya haipo. Wanaosema eksirei huendelea kutoa mionzi ikiwa stoo wanakosea. Ila ndani mna mafuta ya transfoma, ambayo kwenye mashine za zamani sana yanaweza kuwa na sumu isiyooza, na mna risasi, ambayo mnunuzi ataifurahia kwa kuwa huyeyuka upesi na kuwa chubwi za wavuvi. Na kuna sheria. Mashine ya eksirei, iwe nzima au mbovu, iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, kwa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003. Hawezi mtu kuigawa, kuiuza wala kuitupa bila wao kujua. Dar es Salaam wana ofisi ya kanda. Waandikie barua fupi: ilivyofika kwako, maandishi yaliyo kwenye kibati chake, na kwamba mwenyewe hajulikani alipo. Picha mbili za simu zinatosha kuanzia. Hutakuwa umejishitaki, aliyeshika mzigo wa mwenzake akautolea taarifa hafanani na aliyeuficha.

Nikuambie na habari ya zebaki, maana hapo nina deni langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali nisiyoitaja, kipimajoto kilivunjika mikononi mwangu. Lile tone liliangukia sakafu ya saruji, likapasuka vishanga ishirini vinavyokimbizana, na sisi wanafunzi tukavifukuza kwa vidole tukicheka. Mwenzangu alisugulia kimoja kwenye sarafu ya senti, ikang'aa kama fedha. Hakuna aliyetuambia kwamba wakati tunacheka zebaki ile ilikuwa inageuka hewa, haina harufu wala rangi, na inapanda puani kuelekea ubongoni. Kipimajoto kina kiasi cha gramu moja. Mashine ya presha ya kusimama, kama hiyo ya marehemu, ina gramu 80 mpaka 100. Yaani mna vipimajoto themanini mpaka mia ndani ya kile kiboksi.

Mnunuzi anaijua thamani yake kuliko wewe. Zebaki ina wateja: wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kukamatia vumbi la dhahabu, kisha huichoma. Kwa hiyo ya mumeo itatolewa kwenye mashine Manzese, itiwe kwenye chupa ya soda, iishie kwenye kikaango cha mtu huko Geita. Na vifaa vyenyewe dunia imeshavikataa. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuingiza vipimajoto na mashine za presha za zebaki, na Tanzania ni mwanachama.

Mtu wa kemikali akishakuruhusu kuingia chumbani, ifunike mashine hiyo, ifunge kwenye mifuko miwili mizito ya plastiki, iweke wima ndani ya ndoo yenye mfuniko na uandike juu ZEBAKI kwa herufi kubwa. Ukikuta imeshavuja, fungua madirisha, watoe watoto, vua pete ya dhahabu kama unayo, kwa kuwa zebaki huidandia dhahabu na kuiharibu. Usifagie, ufagio huipasua ikaenea. Isukume kwa kadi mbili ngumu mpaka ikusanyike, iingize kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo, funga. Na jikoni isifike kamwe, hata kwa dakika moja.

Hapo ndipo ninapomkatalia shemeji yako, kwa heshima yake. Zebaki ukiichoma unaipandisha hewani, mnakula nayo chakula cha jioni. Plastiki za mirija zikiungua motoni mwa uani zinatoa dioksini. Sindano hazichomeki hata kidogo. Zinabaki nyeusi, kali vilevile, zimefichwa na majivu. Tanuru la kuchomea taka za hospitali linatakiwa lifike nyuzi 850 na zaidi, na moto wa shimo uani hauna uhakika wa kufika huko. Ukifukia, Manzese maji ya ardhini yako karibu, choo chako na kisima cha jirani ni hatua chache, na mvua ya masika ikishuka kila kitu kinakwenda Mto Ng'ombe, kutoka hapo Msimbazi, kutoka hapo baharini kwa wanaokula samaki. Hata hospitali zetu zimekuwa zikielekezwa kuacha moto pale inapowezekana: miaka ya 2010 mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, katika Ghana, Madagascar, Tanzania na Zambia ulikuja kwa kazi hiyo hasa, kuleta otoklevu badala ya kuchoma na kuondoa vifaa vya zebaki wodini.

Maboksi ya sindano usiyafungue, usiyapunguze, usihamishie sindano kwenye chupa. Kama yamejaa kupita robo tatu ndiyo uangalifu zaidi. Yafunge kwa utepe wa gundi. Utauliza kama sindano za mwaka 2019 bado zina ugonjwa. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, lakini kwa miaka yote hii vimekwisha. Ila kijana atakayechomwa jalalani hajui sindano ni ya mwaka gani, wala daktari atakayemwona hajui. Atapewa dawa za kuzuia Ukimwi siku 28, kila siku, na kichefuchefu chake, na usingizi atakaoukosa mkewe. Na vimelea vya pepopunda havijali tarehe.

Vitendanishi sasa, pamoja na vile vipimo vya haraka vya malaria, VVU na ujauzito vilivyokwisha muda. Hivi viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, wale ambao kabla ya 2019 tuliwaita TFDA. Andika orodha: jina la kitu, idadi, namba ya toleo, tarehe ya kwisha. Peleka na barua ofisi yao ya Kanda ya Mashariki ukiomba kuteketeza. Watakuja kukagua, uteketezaji utafanyika chini ya macho yao na utapata cheti. Usione ni urasimu mtupu. Vipimo vilivyokwisha muda vikitoka mlangoni havifi. Vinaweza kukutwa kwenye kiduka cha mtu vikimwambia mjamzito kuwa hana maambukizi. Orodha hiyo msaidiwe na mtaalamu wa maabara mwenye usajili. Wenzake na mumeo wapo, na heshima ya mwisho kwa mwenzao ni kuja Jumamosi moja wakavaa glavu.

Yeyote atakayekuja, mwambie hili hata kama analijua: Jik isimiminwe kwenye chupa ya kitendanishi chochote, wala chupa mbili zisichanganywe ili "kupunguza makopo". Kama mzee alikuwa anapima wingi wa damu kwa njia ya zamani, kuna uwezekano mkubwa ipo chupa ya Drabkin kwenye rafu. Hiyo ina sayanaidi. Kidogo, ndiyo, lakini ikikutana na asidi inatoa gesi ambayo sitaki hata kuieleza. Sinki nayo isipewe kitu. Dada wa saluni ataoshea nywele za watu hapo hapo.

Mashine za chuma ndizo zenye pesa yako, na hapo sina ubishi. Ila zitakaswe kwanza. Jik ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji, unapata dawa ya asilimia 0.5. Mashine ya kuzungushia damu ifutwe nayo ndani ya bakuli, kwenye vishikio na chini ya mfuniko, iachwe dakika 10, kisha ifutwe kwa maji safi, kwa sababu klorini hula chuma, halafu spiriti ya asilimia 70. Lenzi za hadubini zisiguswe na Jik. Ni spiriti kidogo kwenye karatasi laini ya lenzi. Kila kilichotakaswa kibandikwe karatasi: imetakaswa tarehe fulani, na fulani, saini. Mnunuzi atakuona una mambo mengi. Muache akuone hivyo.

Mambo mengi yana sababu. Miaka kadhaa nyuma nilisimama kununua chipsi karibu na Tip Top, hapo hapo Manzese. Kijana akachota kachumbari kutoka kwenye kisahani cha chuma kisichoshika kutu, chenye umbo la figo. Nikakitazama, nikakijua. Kimepokea matapishi na makohozi ya watu, huenda na mengine, na chini kilikuwa bado na namba za rangi nyekundu za wodi. Nilimuuliza alikitoa wapi. "Skrepa, bi mkubwa, kigumu hicho hakivunjiki." Kachumbari sikula. Kijana hakuwa na kosa hata moja.

Kwa sababu hiyo hiyo friji nakuomba usimuuzie mtu wa barafu, ubuyu wala maji ya kandoro. Friji lililokaa damu halirudi kwenye chakula, lioshwe namna gani. Na bomba lake lisikatwe ovyo, mafriji ya zamani yana gesi inayotoboa tabaka la ozoni. Fundi wa mafriji ana kifaa cha kuivuta. Otoklevu, kama raba yake ya mfuniko na kipimo cha mvuke ni vizima, itafutie zahanati inayoihitaji, ikaguliwe na fundi wa vifaa tiba. Isiende kwa mtu wa supu. Nimeshaona ikichemsha makongoro.

Mashine kubwa ya wafadhili inaniuma. Hiyo ni hadithi ya hospitali zetu nyingi: inashuka kutoka kwenye kontena, haina kitabu, dawa zake ni za kampuni moja tu huko ilikotoka, haiwaki siku hata moja, na inakuwa mali ya aliyeipokea mpaka kufa kwake. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya takwimu kutoka nchi maskini wakakuta karibu vifaa tiba 40 katika kila 100 havifanyi kazi. Yako isiende skrepa ya kawaida, kwa kuwa vijana watachoma nyaya zake ili wapate shaba, na moshi wake mtauvuta mtaa mzima. Hiyo na kompyuta ni taka za kielektroniki, na tangu 2021 zina kanuni zake. Ziende kwa mkusanyaji mwenye kibali cha serikali cha kubeba taka hizo. Kabla kompyuta haijaondoka, diski yake itolewe na itobolewe kwa drili.

Hapo nimefika kwenye rejista, kitu ambacho wewe umekitaja kama karatasi tu na mimi nakiona ndicho kizito kuliko otoklevu. Humo mna majina ya majirani zako, umri wao na majibu yao: kaswende, VVU, mimba ya binti wa nyumba ya tatu. Mnunuzi atazipima kwa kilo na kuziuza kwa muuza karanga, na mtu atafunguliwa karanga zake akute jina la mama yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweza kukubana hata wewe uliyerithi. Iulize Bodi ya Maabara Binafsi za Afya kama kuna zinazotakiwa kutunzwa, ukiwajulisha wakati huo huo kuwa maabara imefungwa rasmi. Zisizotakiwa zichome mpaka majivu, uyavuruge kwa mti. Karatasi tupu naruhusu moto.

Gharama. Mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali analipwa, halipi, na wengi wana kiwango cha chini ambacho mzigo wako mdogo haufikii. Ndiyo maana nakushauri usiende peke yako. Kutoka Manzese Darajani hadi kwako sidhani kama zinakosekana zahanati na maabara tatu zenye stoo kama yako. Unganeni muite gari moja. Anzia kwa bwana afya wa kata, na kwa ofisa mazingira wa Manispaa ya Ubungo. Leseni za mwanzo za marehemu zitakuwa na muhuri wa Kinondoni kwa kuwa wakati ule Manzese ilikuwa huko. Usipoteze nauli, siku hizi mko Ubungo. Waulize pia hospitali gani ya karibu yenye tanuru inaweza kupokea maboksi yako ya sindano. Mkusanyaji akija, aonyeshe kibali chake, usome kimeandikwa taka za aina gani na kinaisha lini, na asiondoke bila kukuachia nakala ya fomu ya mzigo, na baadaye cheti cha kuteketezwa. Karatasi hizo zitunze pamoja na cheti cha kifo na hati ya nyumba. Siku mtu akiuliza kitu fulani kiliishia wapi, utafungua bahasha.

Kwa hesabu yangu hutapata laki tatu. Ukiuza hadubini moja nzima kwa zahanati au kwa mwanafunzi wa chuo, pamoja na mashine ya kuzungushia damu na chuma kilichotakaswa, unaweza kulipia gari na kubakiwa na kitu. Kodi ya saluni ndiyo faida yako ya kweli. Mwombe yule dada akupe mwezi mmoja. Mwambie sababu, naye hatapenda kusuka wateja juu ya zebaki.

Hadubini ya pili mpe mwanao. Ikishasafishwa, akaonyeshwe na mmoja wa wenzake na baba yake namna ya kushusha lenzi ya mafuta bila kuvunja kioo, kisha Jumatatu aipeleke shuleni wenzake nao watazame. Mtoto aliyetaka kufungua chupa ili aone ni mtoto wa kupewa hadubini.

Elfu hamsini ya mnunuzi isilale kwako tena. Mrudishie kesho asubuhi mbele ya mjumbe, aandike kwamba ameipokea. Mwambie chuma kisafi kikiwa tayari utamwita, aje na mizani yake na kibali chake.